Mlezi wa Aliyesahau Vita

Asubuhi hiyo Mzee Mihambo alikataa uji. Alisema umepikwa na Mzaramo, na Mzaramo hajui kupika kitu ila fitina.

"Kunywa hivyo hivyo," nikamwambia. "Babu yako alitembea kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, pembe ya tembo begani, na akifika kwetu anakula alichopewa na asante anasema. Wewe nani?"

"Babu yangu alikuwa anafanya kazi. Babu yako alikuwa anapiga ngoma."

"Alipiga ngoma kumpokea babu yako. Bila ngoma angejuaje kama amefika?"

Akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka. Nikamfuta kidevu kwa ncha ya kanga. Kila siku tuliamka hivyo, mimi na yeye, katika nyumba ya walindwa juu ya vilima vya Kisarawe, na nitakuwa mwongo nikisema sikuwa nafurahi.

Asiyejua utani atashangaa. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na watu wetu wametaniana tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukacheka. Anaweza kuja msibani kwako akaiga ulivyokuwa ukitembea kwa maringo, na wafiwa wakamtunza. Kitu kimoja tu hana ruhusa nacho: kinyongo. Baraza la Vita lilipoundwa lilikwama kwenye jambo hilo dogo, nani awalinde viongozi wanaosubiri kuhojiwa. Ndugu zao wangewaficha, na adui zao wangewatilia kitu kwenye chai. Jaji Nasieku akasema basi walindwe na watani wao. Watu wakacheka, lakini leo ndiyo sheria.

Nami kabla ya kula kiapo nilisema yote, sikuficha. "Mheshimiwa, mdogo wangu Mwinshehe alikufa kwenye vita alivyovianzisha mzee huyu. Nilimlea mwenyewe baada ya mama kufariki. Msije mkasema sikuwaambia."

"Utaweza kumtunza?" akaniuliza.

"Nitamtukana kila siku, mheshimiwa. Ila uji atakunywa."

Uji wenyewe sasa, asubuhi hiyo, ulikuwa unapoa. Mzee akageuza uso ukutani, kama mtoto. Nyumba ikasema, kwa sauti ya mwanamke wa makamo, sauti ya taratibu yenye ukali kidogo: "Kunywa uji, mume wangu. Nikirudi nikute bakuli tupu."

Mtume! Ungeuona uso wake. "Umesikia? Nyamizi anarudi," akaniambia, akashika kijiko.

Nyamizi alikuwa amekufa miaka minne nyuma. Sauti yake waliiokoteza kwenye simu za zamani, wakaifundisha nyumba kuisema, maana ugonjwa wa kusahau ulimfanya mzee akatae chakula mpaka mkewe amwambie ale. Nilipofika mara ya kwanza niliona ni uchuro. Baada ya mwezi mmoja nikawa mimi ndiye ninayeiambia nyumba kwa kunong'ona, mwambie na maziwa anywe.

*

Daktari Ambakisye alikuja na kisanduku cha chuma, akakiweka juu ya meza ya jikoni. Ndani mlikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele.

"Uzi," akasema. "Nikiupanda nyuma ya sikio unaingia kwenye ubongo, unatafuta ncha zilizokatika, unaziunga. Siku chache tu, atakumbuka."

"Atakumbuka nini?"

"Vyote."

"Hamwezi kuchagua? Mkamrudishia habari za bwawa lililoleta vita, mengine mkamwachia?"

"Dada Sikudhani, kumbukumbu si kande, useme utachambua maharage uache mahindi. Hotuba imeshikana na chumba aliposemea, chumba kimeshikana na aliyekuwa naye chumbani. Ukivuta kimoja vinakuja vyote. Na uzi ukishaunga hautoki tena."

"Atajua kama Nyamizi amekufa."

"Atajua," daktari akasema, na akaanza kufuta miwani. "Na kwake itakuwa amekufa siku hiyohiyo."

Nilikuwa najua ameletwa na nini. Miaka kumi iliyopita watu wa Bondeni walianza kuumwa matumbo na kufa baada ya kunywa maji ya bwawa la mto Ruve. Rais wetu Mihambo Kapaya akasimama mbele ya taifa akasema Waruve, jirani zetu wa ng'ambo ya mto, wametia sumu. Wiki ileile vijana wakapandishwa magari. Vita vilipokwisha ndipo watu wakaanza kunong'ona kwamba sumu haikuwapo, ilikuwa ni dawa ya kusafishia maji, iliyooza, tuliyoinunua wenyewe. Lakini vipimo vilikuwa vimefutwa kwenye mitambo, na wapimaji walipelekwa mstari wa mbele kabla ya askari, hakurudi hata mmoja. Ukweli ulibaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa mzee wangu, na mwenyewe alikuwa amepoteza ufunguo.

Baraza la Vita haliulizi nani alishinda. Linauliza swali moja: sababu uliyowapa watu, uliijua kuwa kweli au uongo? Sababu ikionekana ni ya uongo, kila sheria iliyojengwa juu yake inaanguka. Ikishindikana kumhoji mtu, sababu yake inabaki imesimama milele.

"Mlindwa hawezi kujiamulia," Daktari Ambakisye akasema, akanisogezea kibao cha kioo. "Ni mlezi anayeweka kiganja. Usipoweka, faili linafungwa. Na mwezi huu ukipita, hakuna kitakachobaki cha kuunga."

Nikamwambia aache kisanduku. Kiganja sikuweka. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe, na mimi niliogopa hasa.

Jioni nikapiga simu kambini. Tileni, mke wa marehemu Mwinshehe, ni Mruve. Mdogo wangu alimuoa kabla ya vita, wakapendana mpaka majirani wakawasema. Mume akafa akaitwa shujaa, mke akafungiwa akaitwa mtia sumu. Sheria ya Maji inasema kila Mruve aliye upande wetu, na kila aliyezaliwa na Mruve, atakaa kambini mpaka itakapothibitika hawakuhusika. Mtoto wao Mwajabu alizaliwa humo, nyuma ya waya, na mimi shangazi yake sijawahi kumshika mkono.

"Shangazi, leo nimekuwa wa kwanza kuomba radhi," akaniambia Mwajabu, sauti imejaa sifa.

"Radhi ya nini, mwanangu?"

"Ya maji. Shuleni tunaomba radhi kila asubuhi. Leo nilisema bila kukosea."

Nikaziba simu kwa ncha ya kanga. Tileni akaichukua simu. "Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "usilie akakusikia. Anadhani amefanya vizuri."

*

Kesho yake nilifungua kabati la Mzee Mihambo, nikatoa koti lake jeusi la urais, nikalivaa juu ya gauni. Lilinifika magotini. Nikachukua na fimbo yake, nikatoka barazani alipokuwa ameketi akiota jua.

Kwetu mtani huiga mtu akishakufa. Mimi nilimuiga angali hai, Mungu anisamehe. Nikapita mbele yake tumbo mbele, nikasimama, nikakohoa, nikaanza ile hotuba ambayo kila mtu nchini anaijua kwa moyo.

"Ndugu wananchi. Nasimama mbele yenu nikiwa na uchungu mkubwa. Jirani tuliyemwamini ametia mkono wake katika maji ya watoto wetu..."

Alicheka, wallahi, alijipiga mapaja. "Tazama tumbo lake! Huyu anatoka wapi?" Nami nikaendelea, nikanyanyua kidole kama alivyokuwa akinyanyua, nikashusha sauti kama alivyokuwa akishusha. Kidogokidogo kicheko kikakatika.

"Huyo mtu mwongo," akasema.

"Umejuaje, baba?"

"Anapanga maneno. Mwenye uchungu hapangi maneno."

Nikavua koti, nikakaa chini karibu na miguu yake. "Basi nikuulize, Mnyamwezi. Huyo mwongo amelala usingizi mtamu. Mlangoni kwake kuna watu wamesimama na misiba yao, wanangoja aseme neno moja tu wakapumzike. Ungekuwa wewe, ungemwamsha?"

Akafikiri. Ugonjwa ulikuwa umemwachia kufikiri, ulimnyang'anya tu vitu vya kufikiria.

"Usingizini anaota nini?"

"Anamngoja mkewe."

"Mkewe atarudi?"

"Harudi."

"Maskini," akasema, na machozi yakamlengalenga kwa ajili ya mtu asiyemjua. "Mwamshe. Watu hawawezi kusimama mlangoni siku zote. Ila mwamshe taratibu, usimmwagie maji. Na ukae naye, asije akaamka peke yake."

Nilirudi jikoni nikaweka kiganja kwenye kile kibao. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa ruhusa, au nilimwibia mzee ruhusa yake mwenyewe kwa utani. Nimeuliza mashehe, nimeuliza mapadri, kila mmoja ana lake.

*

Jambo la kwanza nililomwomba daktari ni kuizima sauti ya Nyamizi. Sikutaka mzee aamke aongeleshwe na ukuta.

Nilikaa naye kama alivyosema. Uzi ulipokuwa unaunga alihangaika, akataja majina, majina mengi, mengine ya wanakijiji wenzake wa utotoni, mengine ya mawaziri. Kisha asubuhi moja alifungua macho akanitazama, nikajua kabla hajasema. Yalikuwa macho ya kwenye picha za ofisini.

"Nyamizi," akaita, mara moja tu. Nyumba ikanyamaza. Akasubiri kidogo, halafu akaketi kitandani, akavaa viatu vyake mwenyewe, akaingia bafuni. Akafungua maji yote, ya sinki na ya bomba la mvua, na katikati ya kelele za yale maji nilimsikia mzee wangu akilia.

Alipotoka nilimpelekea uji. Nikamtania, "Mpagazi, umelala mpaka msafara umeondoka."

Hakucheka. "Bibi, wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia mke wangu anarudi?"

"Ilikuwa nyumba. Lakini ndiyo, na mimi nilikuwa nasema."

"Kila siku ulinidanganya."

"Nilikudanganya ule."

"Na mimi niliwadanganya waishi kwa utulivu," akasema. "Tofauti yetu nini?"

Hapo nilipandwa na hasira, kinyongo au si kinyongo. "Uongo wangu ulikunywesha uji, mzee. Wako ulinilia mdogo wangu. Usithubutu kuviweka kwenye sahani moja!"

Akaniangalia sana, kisha akachukua kijiko akala, kwa adabu, kama mtu aliye kwenye dhifa. Alipomaliza akakunja kitambaa. "Kesho watanipeleka mbele ya Baraza," akasema. "Nitawaambia sikumbuki. Nani atabisha? Vyeti vya daktari viko. Uzi huwa haushiki kwa wazee wengine, na wao wanalijua hilo. Na wewe sheria inakuziba mdomo. Mlezi hatoi ushahidi wa aliyoyasikia ndani ya nyumba. Sheria hiyo niliisoma vizuri kabla sijaanza kuumwa."

Lo! Nilidhani kumbukumbu ikirudi na majuto yatarudi nayo, kama wageni waliopanda gari moja. Majuto hayakuonekana. Aliyerudi ni Rais.

Nikaenda kuosha lile bakuli. Nilikumbuka anavyonishikaga mkono tukishuka ngazi, na vicheko vyake, na nikamlilia yule mzee kama mtu aliyekufa, wakati mwenyewe yupo sebuleni ananyoosha tai.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa wafiwa. Wamekuja na picha za watu wao, wengine wamezivaa vifuani. Mimi nilipewa kiti nyuma ya Mzee Mihambo, hatua chache, mahali pa mlezi. Jaji Nasieku alimwuliza kwa upole, bila haraka.

"Mzee Mihambo Kapaya. Uliwaambia watu kwamba Waruve walitia sumu katika bwawa. Siku ulipoitoa sababu hiyo, uliijua kuwa kweli au uongo?"

Akainamisha kichwa, akatetemesha mkono. Wallahi, mkono ule haukuwa ukitetemeka asubuhi. "Mheshimiwa, mimi ni mzee mgonjwa. Sikumbuki."

Mguno ukapita ukumbini. Jaji akauliza tena, akajibiwa vilevile. Akamtazama daktari, daktari akasema uzi hauna mlango wa kuchungulia, anayejua kama umeshika ni mwenye kichwa. Halafu Jaji akanitazama mimi, na najua aliona usoni kwangu kila kitu, lakini kuona si ushahidi. Akaanza kufunga faili.

Nikamfikiria Mwajabu, kesho asubuhi, mstari wa mbele, anaomba radhi bila kukosea.

Sikupanga nililofanya. Kwetu, siku ya maziko, mtani huingia kaburini kabla ya maiti akalala humo, akasema hazikwi mtu hapa mpaka nikombolewe. Ni mzaha, lakini hakuna wa kumtoa kwa nguvu, lazima wenye msiba wampe anachotaka. Nikatandika kanga yangu sakafuni mbele ya kiti cha Mzee Mihambo, nikalala chali, nikakunja mikono kifuani.

Askari akanijia. Nikapaza sauti, nimefumba macho: "Hazikwi mtu hapa! Mnataka kuwafukia watu wetu na uongo juu yao. Basi anzeni na mimi, kaburi ninalo!"

Mama mmoja kule nyuma, lafudhi ya Tabora, akapiga kigelegele. "Mkomboeni Mzaramo! Mtani wetu kalala!" Na wengine wakadakia: "Mkomboeni! Mkomboeni!" Watu wakacheka huku wanalia. Askari akasimama, hajui ashike wapi.

"Mwache," nikamsikia Jaji Nasieku. "Nyumba za walindwa tumezijenga juu ya utani. Siwezi kuukubali nyumbani nikaukataa hapa. Mzee Mihambo, mtani wako anataka kukombolewa. Hulazimiki."

Kisha kiti kikalia, na magoti ya mzee yakalia, nikahisi kivuli chake usoni kwangu. Alikuwa amepiga magoti.

"Inuka, Mzaramo," akasema kwa sauti ya chini. "Unajiaibisha."

"Siinuki."

"Unataka nini? Kuku? Kitenge?"

"Nataka uliyoyajua siku moja kabla ya hotuba."

Nilihisi anapumua. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Mdogo wako... alilazwa hivi?"

"Sijui, baba," nikasema. "Hawakumleta. Sijui amelalaje."

Sikuwahi kumwambia hilo mtu yeyote. Mkono wake ukaja juu ya mikono yangu, na safari hii ulikuwa unatetemeka kweli.

"Mpimaji alikuja nyumbani alasiri," akasema. Hakumwambia Jaji, aliniambia mimi, lakini ukumbi wote ulisikia. "Kijana, Barnaba Ching'oro. Nikamkaribisha chai. Akasema, mzee, hakuna sumu, ni dawa yetu wenyewe imeoza, tuliinunua ikiwa imeshapita muda. Nyamizi alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini. Akaniambia, kaseme hivyohivyo kesho, watu watakasirika lakini watakuwa hai. Nikamwambia siasa si jiko. Uchaguzi ulikuwa karibu, nisingepona. Kesho yake nikasema Waruve. Nilijua ni uongo. Nilijua tangu neno la kwanza."

"Na Barnaba Ching'oro?" Jaji akauliza.

"Nilimpeleka mstari wa mbele. Nilijua hatarudi." Akavuta pumzi. "Nyamizi hakuketi tena kula na mimi, mpaka akafa. Inuka sasa, mwanangu. Nimekukomboa."

Nikainuka. Mwanamke mmoja aliiweka picha ya mtu wake mapajani, akaifuta vumbi, akaanza kuimba taratibu wimbo wa kanisani, na wengine wakamfuata.

Sheria ya Maji ilifutwa mchana uleule. Hukumu ya mzee iliahirishwa, na alisema mwenyewe hataomba ipunguzwe.

*

Tulirudi Kisarawe. Aliingia sebuleni akasimama katikati, hajui akae wapi. Mke wake alikuwa amekufa jana, kwa hesabu yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia pole. Nani angekuja? Simu yake haikulia.

Nikasogeza makochi ukutani. Nikatandika mkeka. Nikafunika kioo kwa shuka, nikabandika maji ya chai. "Keti chini, baba," nikamwambia. "Una msiba."

Akaketi, akajikunja. Nikamwambia pole kwa kufiwa na mama. Akaitikia kama inavyotakiwa. Tukakaa. Alinisimulia Nyamizi alivyokuwa, msichana mkali, alivyomkataa mara mbili. Nikamsimulia Mwinshehe, alivyokuwa akiogopa kuku alipokuwa mdogo, kisha akaenda kuwa askari. Alicheka kidogo, akaacha.

"Mtani," akasema, "mbona leo hunitanii? Msibani si ndiyo kazi yenu?"

"Leo si mtani. Leo mimi mfiwa. Sijamlilia mdogo wangu, walinipa bendera wakaniambia mashujaa hawaliliwi."

"Mimi ndiye niliyesema hivyo," akasema. "Lilie, mwanangu."

Nikalia. Jamani, nililia. Yeye akalia wake na mimi nikalia wangu, mkeka mmoja.

Siku ya pili ya matanga gari likasimama nje. Nikasikia sauti ya Tileni ikiuliza njia, nikatoka mbio bila viatu. Mwajabu alikuwa mrefu kuliko nilivyomuwaza. Nikamshika mkono, nikamshika uso, nikamnusa kichwa kama kichanga, naye akavumilia kwa heshima. Nikawaambia kwenye mlango nani yumo ndani, wasije wakashtuka. Tileni akasimama papo hapo, akashika ubao wa mlango, akasema hawezi kuvuka. Nikamwambia asivuke.

Lakini mtoto alikuwa ameshapenya chini ya mkono wangu. Akatazama makochi yaliyosukumwa, kioo kilichofunikwa, mzee aliyeketi chini.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mzee Mihambo akamtazama. Alijua ni nani, nilikuwa nimemsimulia. Nikaona mdomo wake unaanza kupanga maneno, kisha ukaacha.

"Mke wangu," akasema. "Na baba yako. Baba yako nilimpeleka mimi, kwa uongo. Nilisema babu zako walitia sumu, na hawakutia. Hukuwa na kosa la kuombea radhi hata siku moja."

Mwajabu akasimama, anawaza. Nikaogopa atakimbia. Nikaogopa pia atamwambia haidhuru, maana alifundishwa kuwa na adabu mno.

Hakusema haidhuru. Pole pia hakumpa. Alivua viatu vyake, akavipanga ukutani, akaja akaketi upande wangu wa mkeka, akaniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani.